Mama Yake Babu

Unguja wamebaki wazee wachache wanaojua kumtafuta mtu kwenye karatasi, na mmoja wao nimemtazama sana akiwa kazini pale Nyaraka, Kilimani. Wanamwita Maalim, kwa kuwa alisomesha skuli mpaka alipostaafu. Vifaa vyake ni penseli, miwani na daftari la mistari. Kamera ya simu haitaki. Anasema mtu akishaupiga picha ukurasa hausomi tena.

Akija mtu kuulizia wazee wake, Maalim hakimbilii majalada. Humkalisha nje kibarazani kwanza akamhoji mambo ambayo mgeni huyaona ya upuuzi. Kwenu mnazikana wapi? Shamba la mikarafuu lilikuwa la nani kabla halijawa lenu? Nani aliyekuwa akiitwa kusoma hitima? Halafu anauliza lile analolipenda kuliko yote: "Siku ya Idi, bibi yako alikuwa akenda kumwamkia nani kwanza?"

Wengi hucheka. Baadaye wananyamaza kidogo, wakakumbuka. Wanamkumbuka bibi kavaa leso mpya juu ya nyengine, sahani ya tambi imefunikwa kawa, na watoto nyuma yake mmoja mmoja mpaka kwenye nyumba kubwa ya ghorofa Mjini ambayo wenyewe hawakuwa jamaa wa damu. Bibi haingii kwa mlango wa mbele wenye misumari ya shaba. Anapita uani. Anambusu mkono bibi mwenye nyumba, ambaye pengine ni mdogo kwake kwa umri, naye aliyekuja kuamkia anaitwa kwa jina lake tupu na watoto wa nyumba ile. Wajukuu wanapewa senti, wanakula halua, wanarudi kwao mtaa wa Ng'ambo. Mtoto haulizi kwa nini. Anadhani Idi za watu wote ndivyo zilivyo.

Maalim huandika jina la nyumba ile na kupiga mstari chini yake. Wenye nyumba ndio waliokuwa mabwana, na mtumwa wa zamani haonekani kwenye karatasi ila kwa jina la bwana wake. Ukimtafuta kwa jina lake mwenyewe, utakutana na akina Mabruki, Feruzi, Baraka, Faida na Zafarani wasio na hesabu, na akina Juma na Khamis waliopewa siku ikawa jina. Hilo hulijui mahali popote isipokuwa kwenye meza ya Maalim, na sijaona mashine inayouliza swali la Idi.

Baada ya hapo ndipo wanapoingia ndani kwenye majalada. Dikrii ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897, ya kufuta utumwa, haikumpa mtu uhuru akiwa amekaa kwake. Ilimtaka aende mahakamani akauombe, na aeleze atakaa wapi na atakula nini. Bwana ndiye aliyelipwa fidia, si aliyetumikishwa, na kwa kuwa serikali ilikuwa ikitoa fedha, karani aliandika kwa uangalifu. Majina ya wanyonge wetu yamehifadhiwa na uchungu wa rupia. Ipo pia orodha ya nyuma zaidi, ya mwaka 1860, pale Rigby, balozi wa Uingereza, alipowaachisha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi wenye kuhesabiwa raia wa Uingereza. Na kwa waliokamatwa baharini majahazini wakapelekwa kwa wamisionari Mbweni, kuna habari za ubatizo, ambamo mtoto wa Kiyao anaingia na jina la nyumbani kwao na kutoka na jina la Kiingereza.

Karani wa zamani ni wa kumjua tabia. Akiandika "Mnyasa" hakukusudia kijiji. Alikusudia njia ndefu aliyopitishwa mtu mpaka kufika pwani, na ndani ya neno hilo wamo watu wa lugha nyingi walioachana mbali. Akiandika umri, amekisia kwa kumtazama meno na nywele. Maalim huusahihisha kwa matukio. Bibi aliyesema alikuwa mwari wakati wa kimbunga cha 1872, kile kilichoilaza mikarafuu ya Unguja, hawezi kuwa na miaka 30 mwaka 1897 hata karani akiapa. Aliyezaliwa siku ya mizinga, Waingereza walipolipiga kasri la Sultani, ni mtoto wa Agosti 1896. Na anayehesabiwa miaka 66 katika hati ya kadhi ana 64 tu ya jua, maana miaka 33 ya Kiislamu ni sawa na 32 ya kalenda ya ofisini. Nimewaona wasomi wenye shahada wakigombana juu ya mtu mmoja wakidhani ni wawili kwa sababu ya hiyo miaka miwili.

Lakini palipo na utamu ni kwenye wakfu. Matajiri wengi wa zamani, wakiogopa kaburi, waliziweka wakfu nyumba na mashamba kwa huru zao, yaani watumwa waliowaacha huru, na kwa vizazi vya huru hao. Mwenye kuandika wakfu mara nyengine hakusema "watumishi wangu" akaishia hapo. Alitaja mmoja mmoja, na walioozana, na watoto. Kisha vizazi vikagombea chumba au minazi, na kila shauri likaleta mashahidi kwa kadhi, na kila shahidi akasema mimi ni mwana wa fulani aliyezaa na fulani. Hata huru aliyekufa bila mrithi ana karatasi yake, kwa kuwa kwa hukumu ya walaa mali yake ilirudi kwa aliyemwacha huru. Ugomvi wa mirathi, ambao sisi tunauonea aibu, umetuwekea wazee wengi kuliko mapenzi.

Anayepotea kabisa ni mama yake babu. Dikrii ya 1897 iliwaruka masuria. Hawakuingizwa mpaka 1909. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake alikuwa huru na akafuata ukoo wa baba, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwandika mama. Ndiyo maana zile shajara za nasaba zinazotundikwa ukumbini, zenye kupanda fulani bin fulani bin fulani mpaka Oman au Hadharamauti, zimenyooka vile. Kila "bin" ina mwanamke nyuma yake, naye hayumo. Watoto wa Sultani Sayyid Said waliokuwa hai alipokufa wote walizaliwa na masuria, na kama tunamjua Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeingizwa katika nyumba ile, ni kwa sababu binti yake Salme alitorokea Ujerumani na mwaka 1886 akatoa kitabu kwa Kijerumani. Wasiokuwa na binti mwandishi wamekwisha.

Sensa haisaidii kama watu wanavyodhani. Sensa huandika vile mtu anavyotaka kuitwa siku ile alipogongewa mlango. Visiwani, mwaka 1924 makumi ya maelfu walijiandikisha Waswahili. Ilipofika 1931 jina hilo limebaki na watu wachache, na wale wale wametokea upande wa pili wakiwa Washirazi, Wahadimu, au Waarabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mgao wa chakula ulipofuata kabila na mchele ukaenda kwa wengine na unga wa mahindi kwa wengine, kujua ukoo wako kukawa kujua utapika nini. Maalim hamlaumu mtu. Anaweka sensa mbili ubavu kwa ubavu, anaangalia nyumba ile ile, na mahali jina la kabila lilipobadilika ndipo anapoanza kutafuta.

Siku hizi kijana anatema mate kwenye kichupa, anakipeleka ng'ambo, na analetewa asilimia. Kiasi hiki Afrika ya kati, kiasi kile Uarabuni. Anaziweka kwenye kundi la familia la simu, watu wanaweka vikatuni vya mikono, yamekwisha. Asilimia haina jina na haikwenda kumwamkia mtu siku ya Idi. Nisingeona vibaya kama huku nyumbani karatasi zingebaki, lakini tunazimaliza kwa mikono yetu. Nyumba ya wakfu inaporomoka, au inageuzwa hoteli. Kasha la bibi linauzwa kwa mtalii kwa sababu lina shaba, na hati zilizokuwemo ndani, kwa sababu hazina shaba, zinawashiwa jiko. Waliokimbia Mapinduzi ya 1964 walau walikuwa na udhuru. Waliacha makasha kwa hofu ya roho zao. Sisi tuna udhuru gani?

Mjukuu wa mmoja wa waliokimbia alitoka Maskati akataka nasaba ya babu yake ikamilishwe, apate kuichapisha kwa wino wa dhahabu. Maalim alimtafutia kwa muda mrefu, akamwona mama yake babu ndani ya wakfu wa nyumba moja, kwa jina moja la kiungo cha mchuzi, na pembeni mwandishi ameongeza: Mnyasa. Mgeni aliusoma mstari ule mara nyingi. Akashukuru kwa adabu zote, akalipa zaidi ya alivyoombwa, kisha akasema kwenye ile ya ukumbini asiwekwe. "Unajua mambo ya watoto kuposwa, Maalim." Maalim akasema anajua. Shajara imechapwa na kila mtu ndani yake ni mwanamume.

Yule bibi amebaki kwenye daftari la mistari, pamoja na wenzake wote walioombewa wasitajwe. Madaftari hayo sasa ni rafu nzima chumbani kwa Maalim, Unguja upande wa juu, Pemba chini. Ameyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa haraka usio na irabu, kwa vile ndivyo alivyofunzwa na babake. Wanawe wanasoma msahafu vizuri kabisa, ila ukiwaondolea irabu hawajui pa kushika. Nimemwomba aniruhusu niyanakili kwa herufi za Kirumi naye akinisomea. Amekubali, lakini ametaka tuanze na ya Pemba, kwa sababu mchwa wameanzia huko.