"True" ya nani? Kashe ya Django na bei ya samaki wa Kasenga

Kuna jibu moja la Django ambalo siliamini tena: True.

Tulikuwa na programu ndogo ya bei za samaki, ya akina mama wanaonunua Kasenga, kwenye mto Luapula, na kuuza hapa Lubumbashi. Asubuhi moja bei ikapanda. Tukaibadilisha, tukaita cache.delete ili kashe isahau ile ya zamani, ikajibu True. Kumbe! Mama mmoja alifungua ukurasa akaona bei mpya. Akafungua tena, bei ya jana. Akaamini ile ya chini, akapanda gari. Kasenga alifika na pesa pungufu. "Mutoto yangu," akaniambia, "ile telefone inasema bongo."

Kosa ni letu, sawa. Nakala tulizipa saa 24, na Gunicorn ilikuwa inaendesha michakato minne. Usipochagua kashe, Django inakupa LocMemCache: kila mchakato unaweka nakala kwenye kumbukumbu yake, wenzake hawaioni. Ni wauzaji wanne wa meza moja, kila mtu na daftari lake mfukoni. Umemwambia mmoja tu. True ilikuwa kweli, lakini kweli ya huyo mmoja.

Nyaraka za Django hazifichi kitu: zinasema kashe hiyo si nzuri kwa kazi halisi. Basi kwa nini ndiyo inayowaka yenyewe, bila hata onyo moja? Kwenye kompyuta yako runserver inahudumia kwa mchakato mmoja tu, kwa hiyo kila kitu kinaenda sawa, unapata na alama zako nzuri. Tatizo linakungoja kwenye seva.

Wengine wanapunguza muda hadi sekunde 10. Hiyo ni kutuliza maumivu tu. Kwa sekunde hizo bei mbili bado ziko. Kinachotakiwa ni daftari moja la wote: Redis, ambayo Django inaipokea yenyewe tangu toleo 4.0 la Desemba 2021, au jedwali ndani ya hifadhidata kwa sisi wa seva ndogo. Hata hapo, futa nakala baada ya muamala kukamilika (transaction.on_commit iko kwa ajili hiyo). Ukiwahi kufuta, mchakato mwingine unaweza kusoma bei ya zamani na kuirudisha kwenye kashe, na sasa wote wanne watakosea pamoja.

Sisi tulichukua jedwali. Yule mama bado anafungua ukurasa mara mbili kabla ya kupanda gari.