Sifa za Mtunza Nakala

Senta ya Miti ni njia panda. Ukitoka Bukavu, barabara moja inaendelea Kavumu na Katana, nyingine inapanda Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, hadi Bunyakiri. Senta kama hii haikosi studio ya picha: kompyuta, printa, betri ya sola, na fundi anayepiga picha za harusi, ubatizo na matanga. Watu humsifu kwa jicho lake. Mimi namsifu kwa kazi asiyolipwa: kutunza nakala za picha hizo kwenye diski.

Diski zake hazikununuliwa siku moja. Hii ilitolewa kwenye kompyuta iliyokufa, ile imefungwa kwa mpira kwa kuwa ganda limepasuka. Ndani ya kila diski sahani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea nanomita chache tu juu yake. Diski ikianguka, kichwa chaweza kuikwaruza sahani. Ikianza kulia tik-tik, asiyejua huichomoa na kuichomeka tena na tena. Fundi huizima papo hapo, maana kila mzunguko waweza kuongeza jeraha.

Karatasi ina uvumilivu. Jirani yetu Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947, na ambacho leo ni CRSN, kuna maktaba na mimea iliyokaushwa. Karatasi ikigeuka manjano bado inasomeka. Diski jana ilifunguka, leo kimya.

Kunakili hata mtoto anaweza. Ufundi ni kujua kipi kiko wapi, na kuhakikisha kwamba bado kipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi huyu analo daftari: diski ya 4, harusi za Agosti, nakala yake diski ya 7, mara ya mwisho kufunguliwa, tarehe fulani. Kompyuta humpigia kila faili hesabu iitwayo SHA-256, inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote hugeuka. Baada ya kunakili hulinganisha hesabu ya zamani na mpya. Zisipolingana, hafuti kitu.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwetu hiyo ya mbali ndiyo yenye uzito. Mbele ya moto, mwizi au siku ya kukimbia, diski tatu za kabati moja ni diski moja. Ndiyo maana moja hushuka Bukavu, ikalala kwa ndugu.

Tunamheshimu anayetengeneza kipya. Anayezuia cha zamani kisipotee anastahili heshima ileile, na malipo pia. Tunapopatana bei ya harusi, tupatane na bei ya kuitunza, ili diski mpya inunuliwe kabla kuukuu haijaanza kulia.