Upande A, Upande B: Nyimbo Nne za Bonde la Ufa na Jinsi Zilivyorekodiwa

Santuri ndogo ya inchi saba, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba takriban dakika tatu hadi tano kila upande. Ukilazimisha zaidi ya hapo mifuo inabanana, sauti inafifia, besi inakonda na sindano inaanza kuruka. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyowaongoza wanamuziki wa Kenya wa miaka ya 1960 na 1970 walipotunga na walipoingia studio. Ndiyo pia iliyoamua ni kipande gani cha wimbo kingekaa vichwani mwa watu wa Nakuru, Gilgil, Molo na Kericho hata leo.

Kila mtu mwenye umri wa kutosha ana orodha yake ya nyimbo zisizomtoka. Orodha ya safu hii ina nne, nazo zinahesabiwa kurudi nyuma. Hazikupangwa kwa umaarufu wala kwa mauzo. Zimepangwa kwa swali moja la kiufundi: wenye wimbo walifanya nini na muda mchache waliopewa?

Namba nne ni "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe, ya mwaka 1977. Bendi hiyo ilitoka Zaire, ikapitia Zambia, ikafika Nairobi 1974 chini ya Longwa Didos, ikajipa jina la mitambo mikubwa ya kusukuma udongo. Mwimbaji aliyefanya wimbo utambulike ni Kasongo wa Kanema. Maneno yake ni ya Kilingala, lugha ambayo wasikilizaji wengi wa Bonde la Ufa hawaijui, lakini kisa kinaeleweka bila mkalimani: mke anamwita mume aliyeondoka arudi nyumbani.

Sasa sikiliza ulivyojengwa. Kuimba kunakuja kwanza, polepole, jina likiitwa na kurudiwa. Baadaye mwendo unabadilika, maneno yanapungua, magitaa yanachukua uwanja na ngoma inakazwa. Hiyo ni sebene. Katika santuri ndogo za enzi hizo mpaka kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa mpaka halisi. Karibu kila bendi kubwa ya Nairobi ilitoa wimbo mmoja kwa pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Bendi ilipiga wimbo mfululizo studioni, kisha fundi akatafuta mahali pa kukata. Alishusha sauti taratibu upande wa kwanza ulipokuwa ukiisha, na upande wa pili akaanzia hapo hapo au nyuma kidogo. Ukipata nakala ya mtandaoni iliyounganishwa kutoka santuri, mara nyingi utakisikia kiungo: sauti inazama kwa sekunde chache, halafu inapanda tena.

Matokeo yake ni kwamba wimbo mmoja ulipata wasikilizaji wa aina mbili. Mtangazaji wa redio, mwenye rundo la kadi za salamu mezani na taarifa ya habari ikimsubiri, alicheza upande wa kwanza tu. Aliyeusikia wimbo nyumbani kwa redio ya betri, huko Subukia au Rongai, alijua maneno na hakuwahi kuifikia sebene. Mnywaji wa baa ya mjini alijua zaidi upande wa pili, kwa sababu ndio uliojaza ukumbi. Waulize wazee wawili wakuimbie "Kasongo", utaona mmoja anaimba na mwingine anapiga gitaa kwa mdomo.

Mwishoni mwa 2024 vijana walimbandika Rais William Ruto jina la Kasongo, na wimbo wa karibu nusu karne ukarudi mitaani na kwenye simu. Waliouimba walihitaji jina na mwito wake tu. Upande wa kwanza, kwa mara nyingine, ukaupiku wa pili.

Namba tatu inakwenda kwa Les Wanyika na "Sina Makosa". Kundi hili lilizaliwa Novemba 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga. Wimbo ulitoka muda mfupi baadaye na umekuwa ukipigwa harusini, kwenye mabasi na katika vipindi vya zilipendwa bila kupumzika. Anayeimba anajitetea mbele ya mpenzi anayemchukia, ilhali kila mmoja wao ana mwenzake nyumbani. Ajabu ni kwamba unachezwa kwenye harusi.

Kiufundi, siri yake ni uchache. Hakuna safu ya tarumbeta ya kujaza nafasi. Gitaa la rithimu la Omari Shabani na besi ya Tom Malanga vinapishana: besi inasema, inanyamaza, rithimu inajibu katika nafasi iliyoachwa, na gitaa la solo linapita juu yao bila kugombana na yeyote. Kila chombo kina chumba chake. Hilo lilikuwa na faida kubwa kwa msikilizaji aliyetegemea spika moja ndogo ya redio ya transista, au spika iliyopasuka ya matatu inayopanda Mau Summit. Muziki uliojaa vyombo hugeuka uji katika spika kama hiyo. "Sina Makosa" hubaki ikieleweka, hata besi yake. Kwa maoni ya safu hii, huo ndio mchanganyo safi kuliko wote uliowahi kutoka studio za Nairobi, na wapenzi wa Simba Wanyika wana haki ya kununa.

Kabla ya namba mbili inafaa kusimama Kericho, kilomita mia moja na kitu magharibi ya Nakuru. Watu hudhani kila santuri ya Kenya ilitoka River Road, Nairobi. Familia ya Chandarana ilikuwa na duka la santuri Kericho, na kutoka hapo ikaendesha lebo zilizotoa nyimbo za Kijaluo, Kikisii, Kiluhya na Kipsigis. Mahali penyewe palisaidia. Kericho ni mji wa majani ya chai, na mashamba yake yalikusanya wafanyakazi kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi waliokaa jirani na wenyeji Wakipsigis. Mfanyakazi wa Gusii aliyelipwa mwisho wa mwezi alitaka kusikia lugha ya kwao, na jirani yake Mjaluo vilevile. Mwenye duka aliyeona wateja wakiuliza nyimbo za lugha nne mbele ya kaunta moja hakuhitaji mtu wa kumwambia arekodi nini.

Katika Kipsigis jina kubwa la enzi hizo ni Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Alifariki 2007. Msikilizaji wa benga ataujua mpango wa aina hii ya muziki papo hapo: mwimbaji anatoa mstari, ananyamaza, gitaa la solo linauchukua na kuuzungusha, halafu sauti inarudi. Mazungumzo hayo ya koo na nyuzi yalikuwapo Bonde la Ufa kabla gitaa halijafika. Tutayakuta tena kwenye namba moja.

Namba mbili ni wimbo wa Joseph Kamaru kuhusu J.M. Kariuki, wa mwaka 1975. Josiah Mwangi Kariuki alikuwa mtoto wa Bonde la Ufa, mzaliwa wa Kabati-ini, mwandishi wa kitabu cha maisha ya kizuizini cha Mau Mau kilichotoka 1963, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mwenye shamba Gilgil. Alitoweka Nairobi tarehe 2 Machi 1975. Mwili wake ulipatikana vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale. Marehemu alizikwa Gilgil.

Wakati huo Kenya ilikuwa na redio moja, Sauti ya Kenya, nayo ilikuwa ya serikali. Wimbo wa kumwomboleza J.M. haukuwa na nafasi huko. Hapa ndipo ufundi wa Kamaru unapoonekana, na haukuishia kwenye gitaa. Kamaru alikuwa mwimbaji, mtunzi, mwenye lebo na mwenye duka, City Sounds, pale River Road. Mwanamuziki wa kawaida alipeleka wimbo kwa mwenye kampuni, akapewa pesa kidogo na kuambiwa asubiri. Kampuni ikiogopa, wimbo unafia kwenye kabati. Kamaru alishika kamba nzima mkononi, kuanzia utunzi hadi kaunta ya duka. Santuri ikishatoka inaingia kwenye mkoba wa abiria wa basi la Nakuru, na hakuna mtangazaji wa kuulizwa ruhusa.

Santuri ndogo ilifanya kazi ya gazeti. Jukiboksi ya baa ya Gilgil au Njoro ilicheza kile ambacho redio ilinyamazia, na aliyeweka sarafu alijua anachokifanya. Uhusiano wa Kamaru na Rais Jomo Kenyatta, uliokuwa mzuri hapo awali, uliharibika. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake anayeitwa Joseph Kamaru pia, msanii wa sauti ajulikanaye kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake, kwa hiyo kijana asiyewahi kugusa santuri anaweza kuzisikia.

Namba moja ni ndogo kuliko zote, na hakuna bendi ndani yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekulia kazini Rhodesia ya Kusini na kuzunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Huko alirekodi wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya reli, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika Kericho na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na yodeli yake, sauti ile ya kupandisha na kuvunja koo, ikawashangaza wasikilizaji. Tracey alirekodi "Chemirocha" tatu tofauti hapo. Ile ya wasichana ndiyo iliyozunguka dunia. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wao ni nusu mtu nusu swala, naye anahimizwa acheze kwa kuruka mpaka nguo zimtoke.

Ilifanyikaje? Tracey alisafiri na gari la mitambo na jenereta, iliyowekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye rekodi. Alizoea kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza kati ya mwimbaji na chombo, yaani aliuchanganya muziki papo hapo, bila nafasi ya kurekebisha baadaye. Alifanya kazi kwa kipimo cha santuri ya mizunguko 78, ya dakika kama tatu, kwa hiyo ngoma ambayo kijijini ingeendelea mpaka watu wachoke ilipaswa kuisha mapema.

Chombo ni zeze la Wakipsigis la nyuzi sita, chepkong. Kinarudia mchoro mmoja mfupi wa noti chache tangu mwanzo hadi mwisho. Juu yake msichana mmoja anatupa mstari, wenzake wanaudaka, na jina la Chemirocha linaangukia mahali pale pale kila mzunguko. Hakuna yodeli, hakuna gitaa, hakuna chochote cha Rodgers isipokuwa jina. Wasichana hao walisikia mashine ikiimba, wakamtoa mwimbaji ndani yake na kumpa kazi katika ngoma yao. Na Tracey, aliyehofia kwamba muziki wa kigeni ungeua wa Kiafrika, ndiye aliyeshika maikrofoni.

"Kasongo" ilikatwa na fundi katikati. "Chemirocha" haikuhitaji kisu, kwa kuwa wimbo unaozunguka unaweza kukomea popote na bado ukawa mzima. Kwa sababu hiyo iko juu ya orodha hii.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki ya ILAM, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Ilichukua miaka 64 nakala kurudi Kapkatet: mwaka 2014 ILAM ilizipeleka pamoja na mradi wa Singing Wells, unaoshirikisha Ketebul Music ya Nairobi.

Santuri za Chandarana na za lebo nyingine ndogo hazina maktaba ya aina hiyo. Nyingi ziko kwenye masanduku ya wazee huko Litein, Londiani, Molo na mitaa ya zamani ya Nakuru, zikiliwa na vumbi. Mwenye nazo asizitupe wala kuziuza kwa kilo. Zifute kwa kitambaa laini, zisimamishe wima mbali na jua, andika jina la bendi, lugha, na namba iliyochongwa karibu na lebo, kisha mtafute mtu mwenye mashine akurekodie pande zote mbili.