Kisigino Kisichocheza

Kiatu cha kukimbilia milimani hujulikana kwenye mteremko. Wakati wa kupanda, hata raba ya kawaida inaweza kukusitiri. Ukianza kushuka juu ya mawe, uzito wote wa mwili huenda mbele, na kisigino kikicheza ndani ya kiatu, vidole vinagonga ncha kila hatua. Wanawake wengi wanaokimbia milimani wamepoteza kucha kwa sababu hiyo, wakadhani ndivyo mlima ulivyo.

Sivyo. Tatizo ni kalibu. Kiatu hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu la mguu ambalo juu yake fundi huvuta kitambaa na kukibana kabla ya kugundisha soli. Kwa miaka mingi viwanda vilichukua kalibu ya mwanamume, vikaipunguza, vikabadili rangi, basi kikawa kiatu cha kike. Lakini ukilinganisha na mguu wa mwanamume wa urefu uleule, kwa kawaida kisigino cha mwanamke ni chembamba zaidi kwa uwiano na upana wa mbele. Kiatu kinachomtosha vidoleni kinampwaya nyuma; kinachomkaa nyuma kinambana vidole. Fundi aliyechonga kalibu upya, akabana kisigino na kuviachia vidole nafasi ya kutanuka, nampa heko kwa moyo wote. Kazi yake haionekani rafuni. Inaonekana baada ya saa mbili za kushuka.

Chini ya kiatu kuna ustadi mwingine, na huo ulizaliwa na msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita wa Italia walikufa Punta Rasica, katika milima ya Alpi, na viatu duni vikalaumiwa. Mwenzao, Vitale Bramani, akakaa akitafuta soli itakayoshika mwamba na barafu. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, na kampuni yake, Vibram, ikachukua jina lake. Waitalia walipofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza mwaka 1954, soli hizo ndizo walizovaa.

Geuza kiatu kizuri uyatazame meno yake taratibu. Ya mbele na ya kisigino yameelekea pande tofauti: ya mbele yaume ardhi unapopanda, ya nyuma yashike breki unaposhuka. Kwenye mwamba mkavu, milimita 3 au 4 zinatosha. Penye tope unataka 5 hadi 8, na nafasi pana kati ya jino na jino ili tope lidondoke lenyewe. Meno marefu juu ya mwamba hupinda na kukuyumbisha. Halafu kuna mpira wenyewe: ulio laini hushika jiwe lililolowa lakini huisha upesi, mgumu hudumu lakini huteleza. Fundi lazima aamue, na uamuzi wake utausikia kwenye jiwe la kwanza lenye maji.

Njia nazo hazifanani. Lucy Wambui Murigi wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 huko Premana, Italia, na tena 2018 huko Canillo, Andorra. Premana ilikuwa kupanda na kushuka, Canillo kupanda tu. Miguu ni ileile, ila kiatu kinadaiwa kazi mbili.

Dada yangu, nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi unazokimbilia. Mbele pabaki upana wa kidole gumba. Kisha tumia lile tundu la mwisho karibu na kifundo, ambalo wengi huliacha tupu: pitisha kila kamba humo upande wake uleule ibaki kitanzi kidogo, ingiza ncha ya kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Utasikia kisigino kikikaa.

Ukinunua mitumba, iwe soko la Gikomba, la Karume au la Memorial pale Moshi, bonyeza kwa kidole sponji iliyo juu ya soli. Ikiwa imekakamaa na ubavuni ina mikunjo iliyolala, kiatu kimeshachoka, hata kama meno bado yapo.

Mwisho, tafuta ngazi au mteremko karibu na duka, ushuke kwa haraka. Vidole vikigusa ncha, kirudishe, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba kitalegea. Kitambaa kinaweza kulegea, lakini urefu wa kiatu hauongezeki.