Wapanga Majina wa Bethesda

Mwezi Aprili 2022, bila vigelegele wala matanga, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilikamilisha kuikabidhi kompyuta kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya kwa macho yao tangu karne ya 19. Kuanzia hapo, makala zinazoingia katika MEDLINE, hifadhidata ya majarida ya tiba ambayo daktari wa Muhimbili na mtafiti wa Kilifi huifikia kupitia PubMed, hupewa vichwa vya mada na programu. Kilichosifiwa ni kasi. Makala iliyokuwa ikingoja zamu yake karibu mwezi mzima sasa hupata vichwa vyake ndani ya saa 24.

Waliosukumwa pembeni hawakuimbiwa na mtu, na pengine ni haki kuuliza walikuwa wakifanya nini hasa.

Mweka faharasa wa maktaba hiyo, iliyoko Bethesda, Maryland, alikuwa mtu mwenye shahada ya sayansi, na mara nyingi mwenye lugha ya kigeni juu yake. Alipewa makala nzima, si muhtasari tu. Alisoma utangulizi apate kujua mtafiti alikuwa akisaka nini, akapitia mbinu na matokeo, akafika kwenye hitimisho akiwa na shaka kidogo, kwa maana waandishi hupenda kudai zaidi ya walichokiona. Kisha aligeukia MeSH, orodha ya istilahi rasmi za tiba, akachagua kumi au kumi na tano hivi. Sharti lilikuwa kushika istilahi iliyo finyu kabisa: utafiti uliohusu malaria ya ubongo hautupwi tu kwenye malaria. Mada kuu ziliwekewa nyota. Halafu yakaja maswali yasiyokwepeka: ni binadamu au wanyama? Wanaume, wanawake, watoto wachanga, wazee? Wajawazito wamo? Kama mwandishi alisahau kutaja kwenye muhtasari kwamba dawa yake ilijaribiwa kwa panya, mweka faharasa alimfuata panya huyo hadi kwenye jedwali alikojificha.

Kazi yenyewe ina nasaba. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyoorodhesha maandishi mapya ya tiba kwa mada na kwa waandishi. Toleo lake la mwisho la karatasi lilitoka Desemba 2004. MeSH ilizaliwa katikati ya safari hiyo, mwaka 1960, ikiwa na istilahi 4,300. Leo zimepita 30,000. Ongezeko hilo halikutokea kwa kurundika maneno. Kila istilahi ilijadiliwa, ikawekwa chini ya mzazi wake, ikapewa maelezo ya inapoanzia na inapokomea, na majina mengine ya kitu hicho hicho yakaelekezwa kwake.

Thamani ya ubishi wa namna hiyo ilionekana wazi katika miaka ya 1980.

Juni 1981 taarifa ya kwanza ilitoka kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Mwaka 1983 wanasayansi wa Institut Pasteur mjini Paris walivipata virusi vya ugonjwa huo, UKIMWI, na baadaye wakaviita LAV. Mwaka 1984 timu ya Robert Gallo, iliyokuwa hapo hapo Bethesda, iliviita HTLV-III. Watafiti wa San Francisco nao wakaja na jina lao, ARV. Wakati huo huo watu wa Kagera walikuwa wakizika jamaa zao na kuutaja ugonjwa kwa jina la Juliana, lililotokana na nguo za biashara ya mpakani. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita Slim, na kwa jina hilo David Serwadda na wenzake waliuandika katika jarida la Lancet mwaka 1985. Jina la HIV halikukubaliwa hadi 1986. Ilikuwa kama mtoto mwenye jina la nyumbani, la shuleni na la utani, na kila aliyemtafuta alimwita kwa analolijua yeye.

Nani aliyaunganisha majina hayo? Wataalamu wa virusi waliamua jina rasmi, naam. Lakini makala za 1983, 1984 na 1985 zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, na hakuna mwandishi aliyerudi kuzifuta na kuziandika upya. Ni watunza orodha waliohakikisha kwamba HTLV-III na LAV zinampeleka msomaji kwenye HIV, ili mwanafunzi wa leo asiikose miaka ya mwanzo ya msiba huo kwa sababu tu hajui wakubwa wake waliuitaje. Na tazama ARV. Katika maandishi ya miaka ile herufi hizo zilikuwa virusi vyenyewe. Leo, kwenye kila zahanati kuanzia Bukoba hadi Mombasa, ndizo dawa za kuvizuia. Anayetafuta kwa herufi tatu peke yake huletewa ugonjwa na tiba pamoja.

Upande wa pili wa fundo hilo ni pale jina moja linapobeba vitu viwili, na hapa pwani ya Waswahili ina mfano wake. Zanzibar ilikumbwa na homa kali ya viungo mwaka 1823 na tena 1870, na watu wakaiita kidinga pepo, jina ambalo Watanzania bado wanalitumia, kwa umbo la kidinga popo, kwa homa ya dengi. Kisha mwaka 1952 na 1953 homa ya kuvunja viungo ikazuka kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza mwaka 1955, na jina lake, chikungunya, likatoka kwa Wamakonde wenyewe walioona wagonjwa wakikunjamana kwa maumivu. Mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba milipuko ile ya Zanzibar haikuwa dengi ya leo, bali huenda ilikuwa chikungunya. Mpanga istilahi hana ruhusa ya kusema "yote ni homa". Anapaswa kutenganisha, na kila anapotenganisha anabeba lawama ya makala za zamani zilizolala upande usio wake.

Kukosea nako kumekuwapo, na wakati mwingine kosa lilikuwa la aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, nchi iliyokuwa huru tangu 1964. Vichwa vya mada vilivyotumika vilikuwa vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na humo Waafrika wa kusini mwa bara walikuwa wameorodheshwa kama "Kafirs". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa harufu ya neno hilo. Mzambia alikuwa anaingia katika maktaba ya taifa lake, anafungua droo ya kadi, na kukutana na tusi lililopigwa taipu kwa unadhifu. Berman hakunyamaza. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kilichotaka zaidi ya vichwa 200 virekebishwe. Akapitia Makerere, akarudi Marekani, na kwa miaka mingi akaendelea kuwaandikia wakubwa wa Washington. Vingi vilibadilishwa, polepole mno. Lakini vilibadilika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandikiwa barua, anayeweza kuona haya.

Mashine haioni haya. Huo si uzembe wake. Haikuundwa kwa hilo. Mfumo uliochukua nafasi ya wasomaji wa Bethesda ulianza kwa kutegemea kichwa na muhtasari wa makala, na yaliyofichwa kwenye majedwali yalibaki huko. Wapo watu wanaokagua sehemu ya matokeo, na MeSH yenyewe bado inatunzwa na binadamu. Ni kweli pia kwamba PubMed hupokea makala zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na hakuna chumba cha wasomaji ambacho kingezimudu. Hoja hiyo ni nzito. Lakini haraka imezaa tabia mbaya zaidi kuliko mashine: mwandishi anabandika maneno matano yanayomjia mwishoni mwa makala, mwanafunzi anapakia tasnifu yake kwenye hazina ya chuo na maneno yoyote, na msimamizi anapitisha. Huyu anaandika UKIMWI, yule VVU, wa tatu HIV/AIDS. Baada ya miaka kumi tasnifu hizo hazijuani.

Afrika Mashariki haiwezi kusingizia wingi wa makala. AGROVOC, orodha ya istilahi za kilimo iliyoanzishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina lugha zaidi ya 40, na Kiswahili kimo, ingawa kwa istilahi chache kuliko Kiingereza. Chukua viwavijeshi: wale ambao wakulima wa mahindi wamewajua kwa vizazi si wadudu wale wale walioingia Afrika kutoka Amerika mwaka 2016, ambao sasa huitwa viwavijeshi vamizi. Dawa na ushauri havifanani. Mtu fulani lazima akae aamue majina hayo yakae wapi, nani mzazi wa nani, na jina lipi la kijijini limpeleke msomaji kwenye lipi la kitaalamu. Wakutubi wa Morogoro, Egerton na Makerere wana elimu ya kufanya hivyo, na wataalamu wa wadudu wako jengo la jirani. Vyuo viwape muda, mshahara na mamlaka ya kumrudishia mwanafunzi tasnifu yake mpaka maneno yake yawe sawasawa.