Neno "Vitendo" na Ngitili ya Shinyanga

Neno la Kiingereza "practical" limeingia katika Kiswahili cha ofisini na darasani kwa mlango mmoja tu: vitendo. Mtihani wa maabara ni wa vitendo, ushauri unaofaa ni wa vitendo, na asiyeendekeza ndoto ni mtu wa vitendo. Kwa Mwingereza hata viatu vya kutembelea matopeni hupewa sifa hiyo, ilhali havijatenda lolote. Neno lake lina wapinzani wengi: nadharia, urembo, ndoto, lisilowezekana. Vitendo vina mpinzani mmoja, maneno. Nayo maneno matupu, wasema wahenga, hayavunji mfupa. (Magazetini, ajabu, vitendo huandamana zaidi na ukatili na rushwa.)

Hasara ya tafsiri hiyo yaonekana Shinyanga. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihimiza pori lifyekwe ili mbung'o akimbie. Watu walikusanywa, mashoka yakalia, pori likaanguka. Hivyo vilikuwa vitendo, tena vya jasho. Pamba na mifugo vikaongezeka, miti ikazidi kukatwa, na ardhi ikabaki uchi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, nayo ya vitendo vitupu, ikawahamisha watu na kuwatenga na ngitili zao.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zianzapo, majani yakakua, kisha huyafungulia ng'ombe kiangazi kikikaza. Kiini cha maarifa hayo ni kuacha. Visiki huachwa vichipue, na mkutano wa jadi, dagashida, humwadhibu avunjaye mwiko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliodumu tangu 1986 hadi 2004, ulianza kwa kutilia mkazo vitalu vya miche. Ulifanikiwa hasa ulipoigeukia ngitili. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudiwa na majani na miti, pamoja na kuni, asali na dawa.

Mwingereza ataisifu ngitili kwa neno lake lilelile bila kusita. Mfasiri akiandika kwamba ni "mbinu ya vitendo" ameificha, maana nguvu yake imo katika mkono uliozuiwa. Kiswahili kina maneno ya kutosha: kufaa, kutekelezeka, kuwezekana, busara ya kazi. Uvivu ni wa waandishi wa ripoti, si wa lugha.

Tena akiba hiyo hutenganisha mambo ambayo Kiingereza huyafunga pamoja. Huko Geita, mchimbaji mdogo hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Ni njia nyepesi, haihitaji mtambo, na kwa Kiingereza cha kila siku ni "practical" kabisa. Moshi wake huvutwa na mchomaji na walio jirani naye. Kwa Kiswahili yatosha kusema kwamba njia hiyo inatekelezeka, wala haifai.