Punda, Ponda, Bunda

Chukua herufi mbili za Kiarabu, ba na dal. Ba uitie dhuma, alama ya u; dal uitie fataha, alama ya a, na alifu ya kumalizia. Mtu wa Lamu au Mombasa aliyeishi miaka 150 iliyopita angeweza kulisoma neno hilo "punda". Angeweza pia kulisoma "ponda", au "bunda". Yote matatu ni maneno halali ya Kiswahili, na miswada mingi ya zamani iliyaandika kwa sura moja. Karatasi haikumwambia msomaji ni lipi. Ilikuwa juu yake kuamua.

Nimekuwa nikiifikiria sana hali hiyo, kwa sababu nadhani inatufundisha zaidi usomaji mzuri ni kazi ya namna gani, kuliko nasaha zote tunazopewa kuhusu kusoma vitabu vingi na kusoma haraka.

Chanzo cha utata ni rahisi kueleza. Kiarabu kina irabu tatu, zile fataha (a), kasra (i) na dhuma (u) tulizofunzwa chuoni. Kiswahili kina tano. Kwa hiyo e ilijibanza chini ya i, na o ikajibanza chini ya u. Kiarabu hakina p, basi wengi waliiazimia ba. Ch ikaandikwa kwa shini, ndiyo maana "chaka" na "shaka" yangeweza kufanana. V ikaandikwa kwa fa, na anayevua samaki akawa sawa na anayefua nguo. Tena sauti ya puani inayotangulia konsonanti, kama n ya "penda" au m ya "kamba", mara nyingi haikuandikwa kabisa. Wako waandishi mahodari walioona tatizo hili wakabuni nukta na alama za ziada, lakini kila mmoja alifuata njia yake, na mswada ulioangukia mikononi mwako huenda ukawa wa fundi usiyemjua.

Sasa tuangalie jinsi msomaji alivyojinasua. Nitatunga kipande kimoja cha utenzi kwa ajili ya mfano huu tu: "Ngoma yao haikomi." Kwa maandishi ya kale, kinachoonekana ni kitu kama "ghuma yau haikumi". Msomaji anafika kwenye neno la kwanza na ana angalau njia mbili: "ngoma", au "goma", yaani ngoma kubwa. Hawezi kuamua hapo. Analishika neno mkononi bila kulifunga, anasogea mbele. Neno la pili linamwambia "yao". Goma lingedai "lao". Basi anarudi nyuma, anaandika akilini "ngoma", anasogea tena. Neno la tatu linaanza kwa "hai", upatanisho uleule wa ngoma, na sasa ana uhakika. Anahesabu: ngo-ma-ya-o-ha-i-ko-mi. Mizani nane, ndivyo utenzi unavyotaka. Ingetokea saba au tisa, angejua kwamba kuna mahali amekosea, na angeanza upya.

Bado iko irabu ya mwisho. Je, ni "mi" au "me"? Kasra haisemi. Lakini katika ubeti wa utenzi vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachopita katika utenzi mzima. Tuseme kipande cha tatu kinaishia na "ulimi". Na maana ya kipande hicho hairuhusu kulisoma "ulime". Kwa hiyo "ulimi" wa kipande cha tatu unathibitisha "haikomi" ya kipande cha kwanza. Macho yanatoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu kinavyotaka, huku akili ikienda mbele na kurudi kama mshona mkeka anayerudisha ukili kila mzunguko ili kukaza mshono uliopita.

Jambo ninalotaka lionekane hapa ni hili: kurudia kwake hakukuwa dalili ya udhaifu. Mwanafunzi na sheikh wote walirudia. Tofauti yao ni kwamba sheikh alikuwa mwepesi zaidi wa kuliachia neno alilokuwa ameshalichagua. Msomaji dhaifu ni yule aliyeona "punda" akang'ang'ania punda, kisha akalazimisha mstari mzima ubebe mizigo.

Mambo hayo yanahusu herufi tu. Juu ya hayo lilikuwapo tabaka la pili, la maana, nalo lilikuwa zito zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake Mwana Hashima. Una beti mia moja na kidogo. Kuelekea mwisho anawahimiza wanawake wausome na waifahamu maana yake. Anazitaja kazi hizo mbili, kusoma na kufahamu, kana kwamba anajua moja inaweza kufanyika bila nyingine. Mwana Hashima alipopewa wasia ule alikuwa bado kijana, na alikuwa hai bado Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Najaribu kuwaza: ubeti uleule juu ya mume, ukisomwa na msichana asiyeolewa, kisha na mke, kisha na mama mwenye mabinti wa kuwausia. Maneno hayajasogea hata nukta.

Kwa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa kazi hiyo ya kufahamu ilikuwa ngumu zaidi. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya. Sikujua hakuishia kunakili. Alimpa Taylor maelezo: neno hili la kale lina maana gani, shairi hili lilihusu tukio lipi. Bila maelezo hayo tungebaki na mashairi mazuri juu ya vyombo, mapenzi na jirani mkorofi. Lakini Muyaka aliishi katika Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Wamazrui na iliyokuwa ikipambana na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, hadi ilipoangukia mikononi mwake mwaka 1837, na mtu anayejua hivyo hurudi kwenye mashairi yaleyale akasikia mji unaobishana na adui yake. Sehemu ya mkusanyiko huo ilichapwa na William Hichens mwaka 1940. Kwangu mimi Sikujua ndiye mfano wa msomaji kamili: aliuliza, akalinganisha, akasikiliza wazee, akarudi kwenye mstari.

Kufikia hapo hati za Kirumi zilikuwa zimeshatawala. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha Kiswahili kwa hati hizo, na leo "punda" ni punda bila ubishi. Siililii hati ya zamani. Mtoto wa darasa la pili anayesoma gazeti bila msaada wa mtu ni faida kubwa mno. Lakini zamani karatasi yenyewe ilitushika mkono na kuturudisha nyuma. Sasa hakuna anayeturudisha. Mstari unapita laini, tunafika mwisho wa ukurasa, tunaamini tumesoma.

Hivyo ndivyo nilivyosoma riwaya ya *Kusadikika* ya Shaaban Robert shuleni. Tulipewa dhamira ubaoni, tukazinakili: uongozi mbaya, ujasiri, umuhimu wa haki. Kitabu chenyewe nilikipitia mara moja, nikitafuta mifano ya kujazia dhamira hizo. Nilifaulu mtihani.

Nilikirudia nikiwa mtu mzima, na mara ya pili nilianza na majina. Wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mashauri mema, wakatupwa gerezani, wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Shuleni tuliambiwa kwamba ni majina ya sifa njema, basi. Lakini buruhani ni uthibitisho, kile kinachowekwa mbele ya hakimu. Kabuli ndilo neno linalokamilisha ndoa. Bila ridhaa mapatano hayana nguvu. Msamiati wa hukumu na mikataba ulikuwa umekaa wazi katika majina ya watu, na mimi niliupita kama anayepita kwenye mbao za maduka. Mwandishi aliyetumia miaka mingi ya maisha yake katika ofisi za serikali ya kikoloni hakuwa mgeni wa msamiati huo.

Mara ya tatu niliangalia mpangilio. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Utetezi wake ni visa vya wale wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, na kila kisa ni cha mtu aliyetumwa na serikali kisha akafungwa na serikali hiyohiyo. Nilipokuwa kijana nilivihesabu kama hadithi sita zilizochelewesha hukumu; nilitaka kujua tu kama atanusurika. Safari hii niliacha kumtazama Karama, nikawatazama wanaomsikiliza. Mfalme yupo, madiwani wapo, na wote wanamsikiliza mshtakiwa mpaka amalize. Anawaeleza kisa kimoja, wanarudi kesho. Anawaeleza kingine, wanarudi tena. Mtu aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria amepewa darasa, na wanafunzi ndio waliokuja kumhukumu.